Kujitolea ni Neno la Anayetoa

Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12



Muulize kijana yeyote wa hapa Dodoma aliyemaliza kidato cha sita kuhusu JKT, atakwambia kuna makundi mawili. Kuna vijana wa mujibu wa sheria na kuna vijana wa kujitolea. Wa mujibu ameitwa na sheria, anakaa kambini miezi michache, kisha anaendelea na safari ya chuo. Wa kujitolea ameomba mwenyewe, na kwa kawaida anatumikia miaka miwili.

Sasa jiulize: yupi kati yao ana thawabu zaidi?

Wengi tutajibu haraka haraka kwamba ni wa kujitolea. Huyo mwingine si kalazimishwa? Lakini subiri kidogo. Wewe mwenyewe leo umefunga. Umefunga kwa hiari au kwa mujibu? Saumu ya Ramadhani ni faradhi, na hakuna anayesema ni ndogo kuliko saumu ya sunna ya Jumatatu na Alhamisi. Bali tumefundishwa kuwa mja hamkaribii Mola wake kwa jambo linalopendwa zaidi kuliko yale aliyofaradhishiwa. Kwa hiyo kulazimishwa peke yake hakuiharibu kazi. Nia ndiyo inayoangaliwa.

Haya, tugeuke upande wa pili. Tuseme ukweli, vijana wengi wanaoomba kujitolea wana matumaini ya ajira. Nyumbani hali ni ngumu, mvua za huku kwetu mnazijua, mtama ukikauka umekauka. Basi watu wanawasema: "Huyo hajitolei, anatafuta kazi." Je, ni kweli? Mwenye haja akitoa nguvu zake, kutoa kwake kumebatilika?

Tumuangalie Nabii Musa (a.s.) katika Surat Al-Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana chakula wala mwenyeji. Akakuta watu wamejazana kisimani na mabinti wawili wamekaa pembeni na mifugo yao. Aliwanyweshea. Hakuwaambia "mtanipa nini?" Alimaliza, akaenda kivulini, akamwambia Mola wake kwamba yeye ni muhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Umeona hapo? Musa alikuwa na haja, na hakuificha. Ila haja yake aliipeleka kwa Allah, hakuwadai wale mabinti. Basi kijana anayejitolea huku moyoni anaomba riziki hajafanya kosa. Ametembea njia aliyopita Mtume wa Allah.

Lakini kisa hakiishii kivulini, na hapa ndipo wengi tunaporuka. Mmoja wa wale mabinti alirudi, anatembea kwa haya, akamwambia: baba anakuita akulipe ujira wa kutunyweshea. Mzee yule angeweza kusema, "Kijana kajitolea, Mungu atamlipa." Hakusema hivyo. Musa hakudai, na mzee hakutumia kutodai kwake kama ruhusa ya kumnyima.

Kisha wakafanya mapatano. Musa atafanya kazi miaka 8, na akitimiza 10, ile miwili itakuwa imetoka kwake mwenyewe, na mzee akasema hataki kumtaabisha. Yaani miaka 8 ni ya mujibu na 2 ni ya kujitolea, na mpaka umewekwa wazi kabla jasho halijaanza kutoka. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi.

Ndugu yangu, somo la leo ni hili: kujitolea ni neno la anayetoa. Likitoka mdomoni mwake, ni ibada. Likitoka mdomoni mwa anayepokea, linaweza kuwa dhulma iliyovaa kanzu.

Angalia ugumu unaokuja mpaka huo usipokuwa wazi. Vijana wa JKT walifanya kazi kubwa katika ukuta wa Mirerani, kilomita 24.5, uliozinduliwa Aprili 2018. Aprili 2021 jeshi lilitangaza kuwaondoa vijana 854 waliogoma wakidai ajira waliyosema waliahidiwa. Kuamua nani alikuwa na haki si kazi ya ukurasa huu, na jeshi lina nidhamu yake. Kwetu inatosha kuona kwamba hiari na ahadi zikichanganyika, mwisho wake ni machungu.

Na anayewaomba wengine watoe, aanze yeye. Katika Khandaq, Mtume (s.a.w.) alichimba handaki pamoja na Maswahaba, akiwa na njaa kama wao. Katika historia yetu pia, Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kupelekwa JKT kwa lazima na kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Lakini papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kubishana na uamuzi wake wa kuwafukuza, ila huwezi kusema alidai kwa wengine kitu asichokigusa kwake.

Tuje sasa msikitini, maana huko ndiko tunakohusika sisi. Kila jioni kuna vijana wanatandika mikeka, wanagawa tende na uji, na watu wakishaingia Tarawehe wao bado wanasugua masufuria. Kuna ustadhi anayefundisha watoto madrasa kila siku baada ya Alasiri, mwaka wa tano huu, na kodi ya chumba inamsubiri. Ukiuliza analipwaje, unajibiwa, "Aah, yule anajitolea." Nani kasema? Kasema yeye, au tumemsemea sisi?

Ametufundisha Mtume (s.a.w.) kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kuna watu jasho lao limekauka zamani, na sisi tunaendelea kuwaombea dua tu. Dua ni nzuri. Lakini mzee wa Madyan alituma mtu akamwite.

Basi kabla ya futari ya leo, tufanye mambo matatu.

1. Wewe unayejitolea, rekebisha nia. Haja yako ipeleke kwa Allah bila kuona aibu, na usiwasimange watu kwa ulichowafanyia, maana masimango huila sadaka. Na kama unataka ujira, sema mapema. Kudai ujira wa halali si upungufu wa imani.

2. Wewe unayehudumiwa, usimpangie mwenzako hiari yake. Muulize ustadhi kimya kimya hali yake ikoje. Mkiweza wazazi kumi mkapanga mchango wa kila mwezi, hata mdogo, mpangeni leo.

3. Wewe kiongozi, wa msikiti, wa mtaa au wa ofisi, ukiitisha msaragambo, shika jembe. Na usiahidi usichokuwa nacho mkononi.

Aya za saumu zenyewe, katika Surat Al-Baqara, baada ya kutaja faradhi zinamtaja pia anayefanya kheri kwa kujitolea, kwamba ni bora kwake yeye. Faradhi na hiari zimekaa pamoja katika mwezi huu. Tusizitenganishe, na tusiitumie hiari ya mtu kukimbia faradhi yetu.

Ewe Mola, zikubali saumu zetu, walipe wanaotuhudumia kuliko wanavyotarajia, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaowaita waja wako kuwapa haki zao. Aamin.

Mtumie na mwenzako kwa nia njema. Tukutane kesho baada ya Alfajiri, in shaa Allah.