Jicho na Nguo ya Nakshi

Wazee waliotulea walitufunza kuwa jicho hufuata moyo. Kwa hiyo mtoto asiyetulia mbele ya mwalimu walimhesabu kuwa hana adabu, na yule aitwaye asiitike wakamhesabu kuwa ana kiburi. Nami niliishika hukumu hiyo miaka mingi bila ya kuihoji, hata asubuhi moja nilipokuwa nasubiri pantoni ya Kigamboni pale Kivukoni, nikaketi karibu na wanawake wawili, kila mmoja na mwanawe.

Mtoto wa kwanza, kabla lango halijafunguliwa, alikwisha kumwona kunguru juu ya bati, na muuza karanga, na fulana nyekundu ya kuli. Akamwuliza mamake maswali matatu, wala hakungoja jibu la hata moja. Wa pili alichutama mbele ya kikapu cha ukili, akifuatisha kwa kidole miyaa ya zambarau na ya kijani, na alipofika mahali ambapo msukaji alikosea akaruka mmoja, kidole kikasimama papo hapo. Honi ikalia, umati ukainuka, naye hakuinua uso. Mzee mmoja akanena kwa sauti ya kusikika, "Watoto wa siku hizi hawana malezi." Mama wa yule wa pili akajibu kwa upole, "Tuwie radhi, babu. Ndivyo alivyojaaliwa."

Mimi si tabibu, na kuwabandika watoto wale jina la maradhi kungekuwa dhuluma nyingine. Lakini wenye elimu wameyachungua macho ya namna hizo mbili. Mwaka 1902, huko London, tabibu George Still alipoeleza habari za watoto wasioweza kudumu katika jambo moja, hata yeye aliitafutia hali yao jina katika maadili, akasema wamepungukiwa na uwezo wa kujitawala. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore aliandika habari za watoto 11 wenye hali tuiitayo leo usonji; na mwaka 1983 Amitta Shah na Uta Frith walionyesha kuwa watoto wa namna hiyo huliona vyema umbo lililofichwa ndani ya picha. Mmoja, basi, jicho lake hushindwa kudumu. Mwingine, mara nyingi, jicho lake hushindwa kung'oka. Wala mpaka huo si ukuta: ni mwaka 2013 tu ndipo matabibu wa akili wa Marekani walipoondoa katazo la kumhesabu mtoto mmoja kuwa na hali zote mbili, kwa kuwa wengi wanazo zote.

Hukumu ile ya wazee huingia hata katika ibada: ikiwa sala haikamiliki ila kwa moyo kuhudhuria, na moyo huchukuliwa na jicho, aliyeumbiwa jicho lisilotii ana taksiri gani? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, miongoni mwa dawa alizozitaja ni kusali karibu na ukuta na kuepuka mazulia ya nakshi. Na hadithi mashuhuri inasimulia kuwa Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alisali katika nguo yenye nakshi, nakshi zikamshughulisha. Alipomaliza aliamuru ipelekwe kwa Abu Jahm, aletewe nyingine isiyo na urembo. Jicho halikukaripiwa, iliyoondolewa ni nguo.

Mwalimu wa chuo cha Kurani cha Kariakoo, ambaye dirisha lake linatazama barabara yenye vipaza sauti vya wachuuzi, hana haja ya bakora ili kuifuata sunna hiyo; amgeuzie mtoto mkeka uelekee ukutani, na yule aliyezama katika herufi moja amgutushe taratibu kabla ya kumhamisha.

Lango la pantoni lilipofunguliwa, mama yule hakumvuta mwanawe mkono. Alikiinua kikapu polepole, akakishika mbele yake; jicho likakifuata kikapu, miguu ikalifuata jicho, wakaingia.