Ukweli Usiotosha: Sarafu ya Jjajja na Bei ya Haki

Je, ninawajibika kumwambia muuzaji thamani ya kitu anachoniuzia, ikiwa mimi naijua na yeye haijui? Wanafalsafa wamelijadili swali hili tangu zamani, lakini mimi sikulipata kitabuni. Nililipata Bwaise, kwenye mkeka wa jirani yangu.

Wanaoijua Bwaise wanajua kwamba mvua kubwa ikinyesha Kampala, maji ya vilima vinavyotuzunguka huteremkia kwetu. Mfereji wa Nsooba hufurika, na asubuhi yake watu huanika magodoro, nguo na vitabu vya watoto. Asubuhi moja ya namna hiyo Jjajja, bibi anayekaa chumba cha tatu kutoka changu, alikuwa ameanika sarafu. Kopo lake la akiba lilikuwa limeingia maji. Akaniita: "Mwana wange, wewe unayesoma, hebu tazama. Hizi bado zinatumika?"

Wakati huo nilikuwa nikifanya biashara ndogo ya sarafu kuukuu mtandaoni. Unapiga picha pande zote mbili, unaandika maelezo, unasubiri mkusanyaji wa Ujerumani au Marekani. Faida hasa iko katika sarafu zilizopimwa daraja. Kampuni kama PCGS na NGC, zote za Marekani, hukagua kama sarafu ni halisi, huipa alama kati ya 1 na 70, kisha huifungia ndani ya kijaluba cha plastiki chenye nambari yake. Alama chache tu zaidi huweza kuzidisha bei mara kadhaa.

Pale mkekani kulikuwa na senti kumi zenye tundu za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII aliyejiuzulu kabla mwaka haujaisha. Watu hudhani hizo ni hazina. Kwa kweli zilitengenezwa nyingi na bei yake ni ndogo. Lakini kati yake ilikuwamo moja yenye pande saba: shilingi tano ya Uganda ya mwaka 1972. Hiyo iliondolewa katika mzunguko, na zilizosalia hutafutwa sana.

"Hazitumiki tena, Jjajja," nikamjibu. "Lakini naweza kukupa elfu ishirini kwa kopo zima."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Jjajja aliuona mwaka 1987, serikali ilipofuta sifuri mbili kwenye shilingi na kukata asilimia 30 juu yake. Kwake sarafu zile zilikwisha kufa. Kwa hiyo hakuona kwamba ninanunua. Aliona ninamsaidia baada ya mafuriko. Akaniombea dua ndefu kwa Kiganda, nami nikaitikia "Amiina".

Katika kitabu cha tatu cha De Officiis, Cicero anasimulia habari za mfanyabiashara aliyeleta nafaka Rhodes wakati wa njaa, huku akijua kwamba merikebu nyingine zimo njiani. Je, awaambie wanunuzi? Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, anasema lazima aseme. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilisimama upande wa Diogenes. Maarifa yangu ni jasho langu: usiku mwingi wa kusoma, bando za intaneti, fedha za kutuma sarafu ng'ambo bila kujua itarudi na alama gani. Kwa nini niyatoe bure?

Bado sidhani hoja hiyo ni ya kipuuzi. Augustino anamsifu mtu aliyeuziwa kitabu kwa bei ya chini na muuzaji asiyejua thamani yake, naye akalipa bei ya haki. Sawa, lakini kitabu kile kilikuwa na bei sokoni. Sarafu ya Jjajja ilikuwa na bei gani pale mkekani, kabla ya nauli na kabla ya kupimwa? Waislamu wa mtaani kwetu wana katazo linalonibana zaidi: Mtume alikataza kuwalaki wenye misafara njiani ili kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Katazo hilo linamwachia mfanyabiashara faida yake. Linachomzuia ni kumwahi mwenzake kabla hajajua bei.

Hata hivyo, kilichoninyima usingizi ni ile dua. Nilipokea shukrani kwa wema ambao sikuutenda, na niliipokea kwa sababu ilinifaa asijue kwamba ni biashara. Diogenes anaweza kuutetea ukimya wangu. Sioni angeiteteaje ile "Amiina".

Kesho yake Jjajja aliniletea kopo, sarafu zote zikimeta. Alizisugua kwa majivu na ndimu, maana hawezi kumpa mtu vitu vichafu. Wajuao sarafu wataelewa nilivyoishiwa nguvu: iliyosuguliwa haipewi alama ya kawaida; huandikwa kwamba imesafishwa, na bei huanguka. Sikuituma kupimwa. Niliitangaza hivyohivyo, nikaandika waziwazi: imesafishwa, tazama mikwaruzo karibu na ukingo. Nilipomaliza kuandika nikagutuka. Mtu nisiyemjua, aliye maelfu ya kilomita, nimemwambia kila kitu, kwa kuwa soko la mtandaoni humruhusu kudai fedha zake na kuninyima nyota. Jjajja hana nyota za kuninyima.

Atakuwapo wa kusema kwamba bei iliposhuka, kosa langu nalo lilipungua. Sikubali. Pale mkekani nilikwisha kuamua, nikijua sarafu ni nzima. Majivu yalipunguza faida tu.

Ilipouzwa nilikwenda kwake na simu, nikamwonyesha picha na bei. Alicheka sana kusikia wazungu wananunua pesa iliyokufa. Kisha akauliza nauli ya kuituma ilikuwa kiasi gani. Akaniagiza nitoe nauli kwanza, nitoe na ile elfu ishirini, ndipo tugawane kinachobaki. Nilitaka achukue zaidi; akakataa, akisema mimi ndiye niliyemjua mnunuzi. Sijui kama nusu ndiyo bei ya haki.

Jambo moja sijamwambia: kwamba kuisugua ndiko kulikoishusha bei. Nikisema, nitakuwa nimeutimiza ukweli wote, naye atabaki akijilaumu kwa usafi wake. Antipater angetaka niseme. Mpaka ninapoandika insha hii, nimenyamaza.