Deni kwa Bibi Aliyelala

Soma 2 Timotheo 1:3–6, 1 Timotheo 5:4, Matendo 9:36–41, Mhubiri 9:5, 6.

Siku chache baada ya mazishi ya bibi, ndugu huketi kugawa vitu vyake. Kazi hiyo haichukui muda mrefu: kanga kadhaa, sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, Biblia iliyochakaa pembe. Mjukuu aliyelelewa naye huomba kanga moja tu, ile ambayo bado ina harufu ya moshi wa jikoni kwake. Hapo ndipo swali humjia, naye hana wa kumwuliza: upendo wote ule aliopewa bila kuuomba, ataulipaje sasa, na mwenyewe hayupo?

Wengi hulijibu swali hili kwa saruji na vigae. Wengine hulijibu kwa kumbukumbu ya kila mwaka, yenye pilau na hotuba. Mambo hayo yanaweza kuwa dalili ya heshima. Lakini Biblia inamweka mjukuu mahali pagumu zaidi, kwa sababu inasema waziwazi kwamba wafu hawajui lolote, na kwamba upendo wao na chuki yao vimekoma. Bibi aliyelala haoni vigae, wala hasikii hotuba. Deni lipo, ila aliyekopesha hawezi tena kupokea malipo.

Loisi, bibi yake Timotheo, anatajwa kwa jina mara moja tu katika Maandiko yote. Hakuna habari ya mali yake wala ya maneno yake. Paulo, akiwa kifungoni, anakumbuka jambo moja: imani isiyo na unafiki ilikaa kwanza ndani ya mwanamke huyu, kisha ndani ya Eunike binti yake au mkwewe, naye anasadiki kwamba imo hata ndani ya Timotheo. Haikuwa nyumba rahisi. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na kijana huyo alifikia utu uzima bila kutahiriwa (Matendo 16:1–3). Hata hivyo tangu utoto aliyajua Maandiko Matakatifu (2 Timotheo 3:15). Kuna mtu aliyemfundisha kwa uvumilivu.

Angalia linalofuata. Paulo hamwambii Timotheo ajivunie ukoo wake. Katika fungu la 6 anamhimiza aichochee karama ya Mungu iliyo ndani yake, kama mtu achocheavyo moto. Kaa la moto huweza kuazimwa kwa jirani, lakini kuni kila mtu hutafuta mwenyewe. Mjukuu anayesema, “Bibi yangu alikuwa mtu wa maombi,” amesema kweli juu ya bibi. Juu yake mwenyewe bado hajasema neno.

Tena ni kwa Timotheo huyuhuyu, mjukuu wa Loisi, Paulo aliandika kwamba mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao wajifunze kwanza kutenda mema nyumbani kwao na kuwalipa wazazi wao. Malipo yana wakati wake, na wakati huo ni bibi angali hai. Hapa ndipo dhamiri za wengi huchomwa. Kuna mjukuu aliyechanga fedha nyingi kwa jeneza kuliko alizowahi kutuma kwa dawa. Kuna aliyepigiwa simu mara tatu, akasema atakwenda mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi akaenda kuzika.

Je, mtu kama huyo afanye nini? Fundisho la hali ya wafu lamwumiza na kumfariji kwa pamoja. Lamwumiza kwa kuwa hawezi kwenda kaburini kuomba msamaha. Hakuna anayemsikia huko. Lamfariji kwa kuwa bibi hayuko mahali popote akinung’unika, wala hamfuati mtu usiku kudai haki yake. Amepumzika. Kosa lenyewe lapelekwa kwa Mungu, aliye mwaminifu kusamehe (1 Yohana 1:9). Hiyo ndiyo njia iliyo wazi, nayo yatosha.

Lakini kusamehewa hakufuti deni la upendo. Paulo anasema deni hilo ndilo pekee ambalo Mkristo hamalizi kulilipa (Warumi 13:8). Kwa kuwa haliwezi kurudi nyuma kwa aliyelala, huenda mbele kwa aliye hai. Tabitha alipokufa huko Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea. Ushahidi wa maisha yake ulikuwa mikononi mwa watu wasiokuwa na cha kumlipa. Upendo wa namna hiyo haukutolewa ili urudishwe. Ulitolewa ili mtu asione baridi.

Pengine kuna msomaji ambaye hana bibi wa kumkumbuka kwa machozi. Maandiko yanamjua pia. Yoashi alikuwa mjukuu wa Athalia, aliyewaua wazao wa kifalme. Mtoto huyo aliokolewa na shangazi yake, akafichwa nyumbani mwa Bwana miaka 6 (2 Wafalme 11:1–3). Pale bibi aliposhindwa kupenda, Mungu aliinua mtu mwingine. Huenda mtu huyo, kwa mtoto fulani wa jirani, ni yeye asomaye.

Basi kanga ile haina budi kutoka sandukuni. Mjukuu aweza kumfunika nayo mtoto wa mwingine, au kuipeleka kwa bibi mzee wa mtaa wa pili ambaye hakuna anayemtembelea. Na siku Bwana atakapoita waliolala katika Yeye (1 Wathesalonike 4:16, 17), bibi ataamka akutane na watu asiowajua, waliopendwa kwa sababu yeye alipenda kwanza.

Maswali ya Kujadili

1. Je, mtu anaweza kuwa na deni kwa aliyekufa, ikiwa wafu hawajui lolote? Toeni sababu.

2. Ni wazee gani wa kanisa lenu ambao hawajatembelewa mwezi huu? Ni nani atakayekwenda, na lini?

3. Katika imani yako, ni kipi ulichoazima kwa wazazi wako, na ni zipi kuni ulizotafuta mwenyewe?