Ardhi Chini ya Mtoto



Tarehe 17 Aprili 1998 chombo cha anga Columbia kiliruka kutoka Florida, Marekani, kikiwa na wanaanga 7 na panya wengi, wakiwemo mama na vichanga vyao. Safari hiyo, iliyoitwa Neurolab, ilidumu siku 16. Wataalamu walitaka kujua ubongo mchanga unajengekaje mahali ambapo mwili hausikii uzito wake.

Panya waliopaa wakiwa na umri wa wiki mbili hivi walirudi na namna yao wenyewe ya kujigeuza wakilazwa chali, na hata miezi kadhaa baadaye hawakuwa wameshika ile ya wenzao waliobaki duniani. Miunganiko ya seli katika sehemu ya ubongo inayohusika na miguu ya nyuma nayo ilionekana tofauti. Lakini kinachonigusa zaidi ni wale wadogo kabisa, waliopaa wakiwa na siku 8. Wengi walikufa. Mama zao walikuwepo palepale, ila katika hali ya kuelea walishindwa kuwakusanya na kuwanyonyesha inavyopasa. Wanaanga waliwahudumia kwa mikono yao, wakaokoa baadhi.

Binadamu si panya, wala sitaki kumtia mzazi hofu. Lakini mtazameni mtoto wa miezi mitatu aliyelazwa kifudifudi juu ya mkeka hapa Kasulu. Anainua kichwa, shingo inatetemeka, paji linagusa mkeka, anaguna kidogo, anainua tena. Anashindana na uzito wa kichwa chake mwenyewe, na ubongo unajifunza. Nguvu ya uvutano inayoleta uzito huo Mungu hakumbagua nayo mtu: iko mjini Kibondo, iko pia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Zaburi ya 139 inamshukuru Mungu kwa kazi yake tumboni mwa mama. Naamini kazi hiyo inaendelea mkekani.

Na mama je? Katika vilima vyetu anaamka alfajiri, mtoto mgongoni, jembe begani. Jioni anapandisha mlima na ndoo kichwani. Ardhi chini ya miguu anayo, utulivu wa kuketi anyonyeshe hana. Desemba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyolenga watoto hadi miaka 8: afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Ni mpango mwema, lakini hauwezi kuingia jikoni kwako kumpokea mkeo mzigo.

Akina baba wa Kibondo na Kasulu, nawasihi: wiki hii ndoo ichukueni ninyi. Mama akinyonyesha, asiitwe kuchochea moto. Na siku ya kliniki, mtoto anapopelekwa kupimwa uzito, nendeni naye.