Je, ni Haki Kumwekea Nguruwe wa Pori Chambo?



Kuna neno limeletwa mbele ya mashemasi na ndugu zetu wenye mashamba kwenye barabara ya Kasenga, nalo limegawanya watu. Wanauliza hivi: sisi ambao hatuli nguruwe kwa ajili ya Walawi 11, tunaweza kumwekea nguruwe wa pori chambo, tumuue, na nyama yake tuiuze katika soko ya Kenya kwa wale wanaoila?

Wengine walicheka. Si neno la kucheka. Nguruwe wa pori anakuja usiku, pamoja na kundi lake, na katika usiku mmoja wanaweza kuharibu mahindi ambayo mama amelima kwa mgongo wake tangu mvua za kwanza. Wanaangusha bua, wanauma kidogo, wanaenda kwa lingine. Mihogo wanaichimbua. Mlinzi anapiga debe mpaka kuche, lakini akisinzia saa moja tu, bukari ya watoto imekwisha. Basi kumuua mnyama huyu anapoharibu shamba, mimi sioni ubishi. Swali ni chambo.

Chambo kinafanywa namna hii. Mahindi yanaloweshwa ndani ya pipa siku kadhaa mpaka yachache na kunuka. Yanafukiwa katika shimo, ili ndege wasiyamalize, na nguruwe akawie akichimba. Pua yake ni kali kuliko macho yake. Mwindaji anaongeza mahindi kila jioni wala hapigi, anawaacha wazoee. Akisha kujua saa yao, ndipo anapanda mti upande ambao upepo hautapeleka harufu yake kwao, anangoja na bunduki. Asiye na bunduki anatega waya njiani. (Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inadai kibali, wala kanisa halimpi mtu kibali hicho.)

Ndugu mmoja alisema: huo ni uongo, unamlisha kiumbe kama rafiki kumbe wewe ni mwuaji. Akataja Yakobo 1:14. Alitaja vema, maana neno la Kiyunani lililoandikwa pale juu ya mtu anayedanganywa na tamaa yake ni neno la wavuvi na wategaji, maana yake kunaswa kwa chambo. Lakini Yakobo anamwonya mtu, hamtetei samaki. Bwana mwenyewe, katika Mathayo 17:27, alimtuma Petro baharini na ndoana, na kazi ya ndoana ni kudanganya. Uongo ni kumvunjia mwenzako imani, na nguruwe hana agano nami.

Jirani ndiye mwenye agano nami. Hapo ndipo chambo kinanitia mashaka.

Nguruwe waliolishwa usiku kumi hawafiki kwako kwa kuruka. Wanapita katika shamba la mwingine, labda la mjane asiye na mlinzi. Ukiua mmoja, waliobaki wanakimbia, na wanaweza kwenda kwa huyo huyo jirani, sasa wakijua kwamba penye watu pana mahindi. Wewe umepata nyama, yeye amepata hasara, naye hakuulizwa. Kutoka 21:33 inamhukumu mtu aliyechimba shimo bila kulifunika, akatumbukia ng'ombe wa mwenziwe. Sheria haiulizi kama alikuwa na nia mbaya. Inasema alipe.

Nchi ya Marekani inatufundisha. Nguruwe waliletwa huko na Wahispania. Hernando de Soto alifika nao Florida mwaka 1539. Leo wale wa porini ni mamilioni. Wapo watu waliowabeba katika magari mpaka sehemu ambako hawakuwako, ili wapate wa kuwinda. Mchezo ulikuwa wa wawindaji, na wakulima ndio wanaolipa.

Kisha kuna homa ya nguruwe. Iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1921 katika nchi ya Kenya, si hii komini yetu. Nguruwe wa pori anaweza kuichukua bila kuugua, lakini wa nyumbani akiipata, mara nyingi anakufa, na dawa ya kumponya hakuna. Matumbo yakitupwa ovyo, au mabaki ya nyama yakiliwa na nguruwe wa mwenzako, banda lake laweza kubaki tupu. Sisi hatufugi nguruwe, lakini jirani zetu wanalipa masomo ya watoto kwa nguruwe hao.

Juu ya kuuza, wengine wanashika Kumbukumbu 14:21, ambapo mgeni aliruhusiwa kuuziwa nyama ambayo Israeli hali. Wasome tena. Pale ni mnyama aliyekufa mwenyewe. Si aliyeitwa kwa chakula ili awe biashara. Anayelinda shamba anafurahi nguruwe wasipokuja. Muuzaji anahuzunika wasipokuja, na kesho atalowesha mahindi mengine, wakati kuna nyumba ambazo hazina unga.

Basi nimewajibu hivi: chambo kiwekwe ndani ya shamba lako mwenyewe, wakati nguruwe wameanza kuharibu, na majirani wa pande zote waambiwe kwanza. Matumbo yafukiwe chini sana. Kuuza, hapana. Mzee mmoja akaniuliza kama anaweza basi kuwapa nyama bure watu wasio wa kanisa. Nikamwambia aanze na yule mama ambaye nguruwe walipita shambani mwake, kama yeye anaila. Na kama haili, ampelekee debe la mahindi.