Hewa ya Chumbani na Haki ya Jirani

Mashine ya kusafisha hewa nyumbani haitengenezi hewa mpya. Feni yake huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye kichujio, kisha huirudisha chumbani humo humo. Uchafu hubaki kwenye kichujio, hewa ile ile huzunguka tena na tena, na kila mzunguko chembe hupungua. Ndiyo maana haifanyi kazi ipasavyo mpaka milango na madirisha yafungwe. Dirisha likiwa wazi, moshi wa nje huingia upesi kuliko mashine inavyoweza kuunasa.

Sharti hilo dogo la kiufundi limebeba swali kubwa la maadili. Kwa karne nyingi hewa imehesabiwa kuwa ya wote. Je, inaweza kukatwa kipande, kikafungiwa ndani na kuwa cha mtu mmoja? Na hilo likifanyika, deni la moshi linabaki kwa nani: kwa aliyeutoa, au kwa anayeuvuta, ambaye sasa anaambiwa kwamba dawa ipo dukani?

Swali hili halijibiki vizuri bila kujua mashine inaweza nini na haiwezi nini. Kichujio kinachotegemewa zaidi hujulikana kwa herufi HEPA. Asili yake ni vita: kilikuzwa Marekani katika miaka ya 1940, wakati wa utengenezaji wa bomu la atomiki, ili kunasa chembe zenye mnururisho. Ni shuka la nyuzi nyembamba mno, mara nyingi za kioo, lililokunjwa mikunjo mingi ili eneo kubwa lienee ndani ya fremu ndogo. Kipimo chake ni kunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye kipenyo cha mikroni 0.3.

Wengi hudhani kichujio hiki hufanya kazi kama chujio la chai, kwamba kilicho kikubwa kuliko tundu hukwama na kilicho kidogo hupita. Sivyo. Nafasi kati ya nyuzi zake mara nyingi ni kubwa kuliko chembe zenyewe. Chembe nzito hushindwa kukata kona pamoja na hewa, ikaugonga uzi na kunata. Ya wastani hufuata mkondo wa hewa, lakini hupita karibu mno na uzi hata ikaugusa. Ndogo kabisa husukumwa huku na huko na molekuli za hewa, ikayumba ovyo mpaka inanasa. Chembe ya mikroni 0.3 ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa ni nyepesi mno kwa njia ya kwanza na kubwa mno kwa njia ya mwisho. Kwa hiyo zilizo ndogo kuliko hiyo hunaswa kwa urahisi zaidi, jambo linalowashangaza wengi.

Gesi ni habari nyingine. Kichujio cha nyuzi hakizuii harufu wala mvuke wa rangi na dawa. Baadhi ya mashine huongezewa tabaka la mkaa uliotayarishwa kwa namna maalumu, wenye vijitundu visivyohesabika vinavyoshika gesi kadhaa, lakini mkaa huo hujaa na kuisha nguvu. Monoksidi ya kaboni, gesi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, haizuiwi na kichujio cha nyuzi wala na mkaa huo. Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha: anayefunga madirisha kwa kuiamini mashine huku jiko la mkaa linawaka ndani anajiweka katika hatari ya kufa. Ziko pia mashine zinazotoa gesi ya ozoni kwa makusudi, kwa madai kwamba ozoni husafisha. Ozoni huumiza mapafu, na jimbo la California limeweka kwa sheria kikomo cha ozoni inayoruhusiwa kutoka katika mashine za nyumbani.

Ndani ya mipaka hiyo, mashine nzuri inayolingana na ukubwa wa chumba husaidia kweli. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mabweni ya wanafunzi mjini Shanghai. Vijana 35 wenye afya walikaa saa 48 katika vyumba vyenye mashine halisi, na kwa zamu nyingine saa 48 katika vyumba vyenye mashine zilizotolewa kichujio, bila kujua ipi ni ipi. Chembe laini, zile zenye kipenyo cha mikroni 2.5 kushuka chini, zilipungua kwa asilimia 57, na shinikizo la damu likashuka kidogo. Ni nafuu inayopimika, japo si muujiza. Tena hata baada ya kupungua, hewa ya vyumba vile ilikuwa na wastani wa mikrogramu 41 kwa mita ya ujazo, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi 15.

Jaribio jingine, la Baltimore nchini Marekani, linagusa moja kwa moja swali la maadili. Liliwahusu watoto wenye pumu wanaoishi na wavuta sigara. Nyumba zilizopewa mashine zilipungukiwa na chembe hewani, na watoto wakapata siku nyingi zaidi zisizo na dalili za pumu. Hata hivyo nikotini hewani haikupungua, wala alama zake katika mkojo wa watoto. Mashine ilichukua sehemu ya madhara na kuiacha sehemu nyingine kifuani mwa mtoto, kwa sababu sigara iliendelea kuwaka.

Kichujio kinachotolewa baada ya miezi kadhaa katika nyumba iliyo kando ya barabara kuu hueleza mengi. Kiliingia kikiwa cheupe, kinatoka na rangi ya majivu, na katikati ya mikunjo kuna utandu laini kama sufi ambao ukiguswa huacha weusi kwenye ncha ya kidole. Bila kichujio, sehemu ya utandu ule ingeingia mapafuni mwa mtu.

Mapokeo ya sheria na dini yalikutana na moshi wa jirani zamani sana kabla ya mashine hizi. Mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotolewa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533 uliitaja hewa, pamoja na maji yatiririkayo na bahari, kuwa vitu vilivyo vya wote kwa maumbile yake. Katika Uislamu iko hadithi inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Hewa haikutajwa humo, na pengine haikuhitaji kutajwa: kisima huzungushiwa ukuta na malisho huwekewa ua, lakini nani aliwahi kuuzungushia upepo uzio?

Mapokeo hayo hayakuishia kwenye kusema hewa ni ya wote. Yalieleza pia nani abebe mzigo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi, inaamuru kiwanda cha kutengeneza ngozi kikae dhiraa hamsini nje ya mji, tena upande wa mashariki tu, ili harufu isiwaelekee wakazi. Mwaka 1610, mahakama ya Uingereza ilimpa haki William Aldred dhidi ya jirani aliyejenga banda la nguruwe karibu na nyumba yake na kuiharibu hewa yake. Mejelle, sheria ya dola ya Uthmaniya iliyokusanywa kati ya 1869 na 1876, iliyajumlisha madhara ya moshi na harufu ya kiwanda yanayomzuia jirani kukaa nyumbani kwake katika madhara yanayopaswa kuondolewa kwa njia yoyote. Msingi wake ni kanuni ya fiqhi inayojulikana hadi madrasa za pwani: mtu asidhuru, wala asilipize madhara kwa madhara.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya kila siku ni hadithi ya kitunguu saumu, iliyomo katika vitabu vya hadithi za Mtume vya Bukhari na Muslim. Aliyekula kitunguu saumu kibichi ameambiwa akae mbali na msikiti mpaka harufu iishe. Wenye pua hawakuambiwa wajizibe, na wenye uwezo hawakushauriwa wajitengee chumba cha pembeni chenye hewa yao. Wajibu umewekwa kwa anayetoa harufu, hata kwa jambo dogo kama mlo wa halali. Ikiwa ni hivyo kwa kitunguu, hoja ina nguvu zaidi kwa bomba la kiwanda na moshi wa dizeli.

Mashine ya kusafisha hewa, bila ya yeyote kukusudia, huupindua mpangilio huo. Mchafuzi haguswi, anayevuta ndiye anayelipa bei ya mashine, ya umeme na ya kichujio kipya kila baada ya miezi kadhaa. Asiyeweza kulipa hubaki nje na hewa ile ile. Kosa hapa si la mnunuzi. Mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali aliihesabu hifadhi ya nafsi miongoni mwa makusudio matano ya sheria, pamoja na dini, akili, kizazi na mali. Mzazi anayewasha mashine usiku kwa ajili ya mtoto mwenye pumu anatimiza wajibu, na hapaswi kulaumiwa hata kidogo. Ila kujikinga na kuondoa madhara ni vitendo viwili tofauti. Mwenye mwavuli hajakoma kuwa na haki ya kudai jirani aache kummwagia maji.

Hatari halisi ni ya taratibu zaidi. Wenye sauti katika mji ndio wenye uwezo wa kununua mashine, na watoto wao wakishapata usingizi mzuri, ukali wa kudai unaweza kupoa. Moshi mkuu wa London wa Desemba 1952, uliohesabiwa wakati ule kuwa umeua watu wapatao 4,000, uliwaingilia matajiri na maskini, ukapenya hata kumbi za maonyesho. Sheria ya Hewa Safi ikapitishwa mwaka 1956. Msukumo kama huo hupungua pale ambapo baadhi ya watu wanaweza kujifungia nje ya janga.

Haki yenyewe sasa imeandikwa. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua haki hiyo kwa kura 161. Desemba 2020, afisa wa uchunguzi wa vifo mjini London aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa mwenye pumu aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi na kufariki mwaka 2013. Uamuzi huo uliuita moshi wa barabarani kwa jina lake, kuwa sababu ya kifo cha mtu.

Wajibu huu hauishii kwa viwanda na magari. Chetezo cha udi sebuleni, sigara barazani, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, vyote humpelekea mwingine chembe asizoziomba. Katika Afrika Mashariki, moshi ulio karibu zaidi na pua ya mtu ni wa jikoni: kuni na mkaa, mama ameinama juu ya mafiga, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Mashine ya chumbani haina la kufanya hapo, kwa kuwa jiko la namna hiyo lahitaji dirisha wazi, si dirisha lililofungwa. Kinachohitajika ni moto mwingine: gesi, umeme, au jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034.