Wino na Karatasi: Mwanamke Mtangulizi katika Fasihi

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Fasihi tunayojivunia leo iliundwa na mikono mingi, na mingi kati ya hiyo ilikuwa mikono ya wanawake. Kwa maoni ya wataalamu wengi, mtunzi wa kwanza duniani ambaye jina lake lajulikana ni mwanamke: Enheduanna, kuhani wa mji wa Ur, katika nchi ambayo leo ni Iraki, aliyetunga nyimbo za ibada zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Hata hivyo, tunapowahesabu watunzi, majina ya wanawake huja mwisho, kana kwamba waliingia karamuni vyombo vimekwisha oshwa.

Na tuitazame pwani yetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Shehe wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa beti zipatazo 100. Alikuwa mgonjwa, naye alitaka kumwachia mwanawe wosia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Utenzi huo ulinakiliwa na kuhifadhiwa vifuani, na hadi leo wasomwa. Lakini msomaji wa siku hizi hukwama penye mafunzo ya mke kumtii mume na kutafuta radhi yake. Hapo ndipo lizukapo swali letu: je, kumheshimu mtangulizi ni kukubali kila alilolisema?

Wako wasemao kwamba utenzi huo ni mnyororo, haufai kufundishwa wasichana. Wako pia wausifuo kwa sababu hiyo hiyo, wakiugeuza fimbo ya kuwanyamazishia wake zao. Twaona kwamba pande zote mbili zimesahau jinsi utenzi uanzavyo: mama anamwita binti yake asogee karibu, naye aje na wino na karatasi. Ombi hilo halikuwa dogo. Katika zama hizo hizo, huko Unguja, Salme, binti wa Sultani Said, alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani.

Basi, Mwana Kupona alihubiri utii kwa maneno, lakini kwa kitendo alimfundisha binti yake jambo jingine: kwamba neno la mwanamke lastahili kuandikwa. Penina Muhando alipotoa tamthilia zake Hatia (1972) na Heshima Yangu (1974), hakurudia wosia wa Siyu. Alisema na jamii ya wakati wake. Wala huko si kumdharau mtangulizi. Ni kuushika urithi ule wa kalamu na kuutumia.

Kwa hiyo yatupasa walimu tusiufiche utenzi huu, na wanafunzi wasiukariri tu kama kasuku. Na wauhoji. Mtangulizi hatudai tumkubali katika yote. Atudai tumtaje kwa jina lake, tumsome kwa makini, kisha tumjibu. Na atakaye kumjibu hana budi naye kuja na wino na karatasi.